Vikombe Viwili Kwenye Beseni

Shangazi wa ukurasa wa nyuma wa gazeti, shikamoo. Nina jambo limenikaa kooni na hapa saluni siwezi kulisema, maana nikilisema asubuhi mchana limeshafika sokoni, basi nisaidie wewe usiyenijua. Mimi ni msusi, mume wangu ni fundi wa feni na redio, mtu mpole, maneno yake ya siku nzima unaweza kuyafunga kwenye pindo la leso, na mimi nimeanza kuandika hadithi, ya kubuni kabisa wallahi, ya mwanamke anayemwacha mumewe bila ugomvi wowote, anachukua begi anapanda basi kwa sababu amechoka kuishi na mtu asiyemuuliza kitu.

Nilianza kwa "yeye" ikapoa kama chai ya jana, nikabadili nikaandika "mimi", "Nilifunga begi, nikatoka", hee, mkono ukakimbia wenyewe! Kwa furaha nikamsomea mume wangu, naye anafungua feni ya jirani, nikafika pale panaposema, "Nilipokuwa kwenye basi mume wangu aliamka, akachemsha chai, akaosha vikombe viwili kwenye beseni ingawa kimoja hakikutumika, akakaa akisikiliza mlango." Bisibisi ikasimama. Akaniuliza taratibu, "Sasa unaondoka lini?" Nikacheka, nikamwambia ni hadithi tu jamani, akasema "sawa", na tangu hapo ni "sawa" tu, na nikishika mkoba niende kazini anasimama mlangoni kama ana neno halafu halitoki. Wifi yangu anasema nirudishe "yeye" nyumba itulie, lakini nikirudisha hadithi inakufa, na mimi mume wangu nampenda na hadithi yangu naipenda. Nifanyeje?

Msusi wa Kona

Marahaba, mwanangu. Pole. Ila "ya kubuni kabisa wallahi"? Mwanamke wa hadithi amechoka na mtu asiyeuliza kitu, na mumeo maneno yake yanaenea kwenye pindo la leso! Haya, hayo tutayarudia.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya vile vikombe. Hebu niambie, uko kwenye basi, begi mapajani, umejuaje kwamba ameosha viwili? Nani kakwambia alikaa akisikiliza mlango? Ukishasema "mimi" umejifunga, unaona kile tu kilicho mbele ya macho yako. Wewe miguu imepanda basi, macho umeyasahau jikoni. Ningekukaripia nikapita, lakini kosa lenyewe limenichokonoa. Begi lako ni begi tu, basi halina hata rangi. Chenye uhai ni kile kikombe ambacho hakikutumika. Kwa nini? Kwa sababu muda wote ulikuwa unamtazama huyo mwanamume.

Wifi yako ana nia njema ila dawa kakosea. Ukiweka "yeye" na macho yakabaki ya mwanamke, umembadilisha nguo tu. Jiulize nani katika hadithi hii hajui kinachoendelea na kinamuuma. Mwanamke ameshaamua, ameshakata tiketi. Mumewe ndiyo kwanza anaamka, nyumba kimya. Mpe yeye hiyo "mimi". Aseme mwenyewe aliamkaje, alichemsha chai ya watu wangapi, na usithubutu kumwambia basi limefika wapi.

Utakwama, nakuambia mapema, maana kichwani mwake hujui mna nini. Bahati yako, mwanamume mwenyewe unaye nyumbani. Na hapa ndipo unaponiudhi. Unalalamika kwamba mtu haulizi, mumeo kasimamisha bisibisi kauliza, tena swali zito kuliko yote, nawe ukacheka! Ningekuwa karibu ningekufinya.

Leo ukifunga saluni usimsomee chochote. Kaa naye pale kwenye feni zake umwambie, "Siondoki." Hilo liseme kwanza, peke yake, usilichanganye na hadithi. Likishamwingia, muulize, yule mwanamume wa hadithi kikombe cha pili alikiosha kwa nini. Atashika bisibisi kwanza, namjua bila kumwona. Nawe subiri, usimjibie. Atakachosema, kiandike kama alivyokisema, ndiyo sentensi yako ya kwanza.