Kikwembe Nyeusi ya Evere

Priscille, uko? Niko mu cybercafé, sijue kama nilie ao nicheke.

Unakumbuka roman yangu, kile kitabu naandika? Ile hadisi ya Wagriki, ya bibi anangojea bwana yake mwenye alipoteaka mu bahari. Niliihamisha London, wakati ya reine Victoria. Wanaume wanataka kumuoa, ye anasema: nikimaliza kushona robe, nguo ya kilio, nitaolewa. Muchana anashona. Usiku anafumua.

Bon. Leo naisoma mbele ya ba-maman wa paroisse, wa kanisa yetu hapa Evere, huku Ulaya. Sijafika hata page ya tatu, Maman Émérance anaanza kulia. Kulia kweli, Priscille. Alafu wote.

Anasema: « Mwanangu, ulikosa namna ya kutuambia, ukapitisha mu hadisi. Tumesikia. »

Mumesikia nini? Nikasema: maman, ni roman, ni Wagriki. « Tumesikia, mwanangu. » Wakaanza nyimbo ya matanga.

Unajua tangu vita ya Bukavu, ile 96, sina habari ya Noé. Miaka mbili naambia watu: bwana yangu anakuja. Leo wamemuzika, na microphone iko mu mukono yangu.

Wakanifunga kikwembe nyeusi, kitambaa ya mujane. Nikawaacha. Ju tangu nifike huku, hakuna muntu alinikumbatia.

Bado niko nayo. Naigeuza, natafuta mushono.

Haina, Priscille. Hakuna kitu ya kufumua.