Spesa za Gari la Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha yule mdogo wao kimepona. Sisi tunapumua. Baba anajikongoja na fimbo yake hadi uani na kurudi. Mkono wa kulia bado mzito tangu kiharusi, ila ulimi haujambo. Shangazi analalamikia magoti. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio nakuandikia habari zake, tena kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu unajua kunikatisha.

Zile spesa ulizotuma, pete za kusogeza magurudumu nje, zilifika salama. Baba aliposikia kwamba unakuja, na kwamba unataka gari lake la spoti lisimame kifua mbele siku utakapomtembeza, alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Unakumbuka alivyolikuta limetupwa kama kopo, akalifufua bati kwa bati, nawe ukikaa ndani unanguruma kwa mdomo. Alizipakata zile duara za aluminiamu mapajani, akaniambia, "Mwanangu hajalisahau."

Nilizifunga mimi, yeye yuko kwenye kigoda ananielekeza. Nilipiga jeki, nikavua magurudumu, nikasugua kutu ya habu, pale gurudumu linapofungwa, kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, maana spesa isipolala sawasawa gurudumu hutetemeka likikolea mwendo. Tulipolijaribu barabarani, la mbele kushoto lilitetemeka kweli. Baba alilisikia kabla yangu, tukarudi tukalifungua upya. Kisha akazikagua nati zote kwa mkono wake mzima. Magurudumu yalipojitokeza yakalingana na bodi, gari lilisimama kama bondia aliyetanua miguu. Hata mimi niliyekuwa nimenuna kwa uchovu, nilicheka.

Ukaomba picha: ya ubavuni, ya nyuma, ya viti, ya injini. Nikapiga. Baba alivaa shati lake la harusini akasimama pembeni ya gari. Ukajibu kwamba zimependeza, ila nipige nyingine asiwemo mtu. Nikadhani ni mambo ya urembo tu. Wajinga ndio waliwao, kaka.

Alhamisi akabisha hodi bwana mmoja mwenye miwani ya jua, na dereva wake nyuma. Picha zangu alikuwa nazo kwenye simu. Alisema, kwa adabu zote, kwamba amefuata gari lake, mmekwisha kumalizana, akatuonyesha ujumbe wako. Nilimwambia amekosea nyumba. Nikasimama mlangoni pa gereji na spana mkononi, nikakupigia. Simu yako iliita mpaka ikakata.

Baba aliusoma ule ujumbe, halafu akaniambia nisogee. Nilikataa. Nilimwambia gari ni lake, hakuna anayeuza mali ya mwenzake, na kama ni polisi basi tuwaite. Ndipo aliposema maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyatamka:

"Kama mwanangu amesema limeuzwa, basi limeuzwa. Sitamfanya mwongo mbele ya mgeni."

Funguo alizitoa mwenyewe, kwa ule mkono mzito. Yule bwana akayasifia magurudumu, akauliza fundi ni nani. Baba akamjibu kwamba ni binti yake. Gari likatoka getini bila kutetemeka hata kidogo.

Sijui umebanwa na nini huko. Ungeomba, angekupa; hilo ndilo linalonikereketa. Lini Baba alikunyima kitu? Lakini ukanifanya mimi ninenepeshe mbuzi, kumbe kisu unacho wewe. Na kazi niliyoifanya kwa mapenzi, leo nikiiona mikono yangu naona haya.

Sasa sikiliza. Majirani wameuliza gari liko wapi. Baba anawaambia umeliagiza huko uliko, kwamba liko melini, na kwamba utalitunza kuliko yeye. Anasema hivyo bila kupepesa macho. Akienda chumbani ndipo chai inapoa bila kuguswa.

Atakupigia simu wiki hii, na watu watakuwepo sebuleni. Atakuuliza kama gari limefika. Usibabaike, wala usianze kuomba radhi mbele za watu. Mwambie limefika. Yeye amekusitiri, nawe msitiri. Radhi njoo uiombe kwa miguu yako.

Shangazi anakusalimu sana na anakuombea, yeye hatujamwambia. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awajalie moyo wa babu yao.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, ingawa leo kwa shida,

Kitindamimba.