Masale Niliyoyapanda Kwenye Kihamba cha Bibi

Masama,
Alhamisi mchana.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama pia. Najua anasoma begani kwako na atakuharakisha ufunue ukurasa kabla hujamaliza. Habari za Sumbawanga? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi ya huko? Na Eliya, bado hanawi mikono mpaka apigiwe kelele? Huku hakuna anayeumwa mpaka saa hii ninapoandika. Nasema mpaka saa hii kwa sababu nimekuwa mtu wa kuhesabu siku, na kila Bibi akikohoa nasimama.

Situlii, Baba. Tangu asubuhi nimefungua kitabu cha Biolojia mara tatu na nimesoma ukurasa uleule bila kujua unasema nini. Nina jambo la kukuomba. Ila lazima nianze nyuma kidogo, maana aliyeliharibu ni mimi.

Shangazi Ndeshi alikuambia kwenye simu kwamba tumepanda Masama kumsalimia Bibi. Haikuwa kweli. Tumehama. Chumba cha Pasua, Moshi mjini, tumerudisha ufunguo.

Pale Pasua tulikuwa kaya sita, bomba moja na choo kimoja. Mpangaji wa chumba cha mbele alianza homa, kisha kikohozi, na watu wakawa wanapita mlangoni kwake wamebana pumzi. Shule yangu ilikuwa imefungwa, na walioleta vitambaa vya kushonwa kwa Shangazi waliacha kuja. Siku moja alizima cherehani akasema, "Hapa hatukai. Lakini siwezi kumpelekea mama yangu ugonjwa ndani ya kabati."

Basi tulihama kwa mpango, ninaweza kusema kwa mpango wa kisayansi, na ratiba niliichora mimi. Siku tano kabla hatukutoka chumbani ila kwa maji na choo, tena alfajiri. Magodoro na nguo tuliviweka juani. Vyombo tulivichemsha, na kabati tulilifuta kwa maji ya sabuni mpaka rangi ikaanza kutoka. Shangazi alishona barakoa za kitenge, zetu na za dereva wa lori la Kanta. Dereva akataka tukae naye mbele.

"Mama, huko nyuma mtaota barafu!"

"Wewe endesha," Shangazi akamjibu. "Mbele kaa na pumzi yako."

Tukapanda nyuma na mizigo, tumejifunika turubai, yeye amekumbatia cherehani kama mtoto.

Bibi alikuwa amesimama uani akitusubiri, mikono wazi. Nilimwamkia nikiwa kule kwenye migomba. Akasema, "Marahaba. Mbona unaniamkia kama unaita ng'ombe? Sogea nikuone!" Shangazi akamweleza kwamba tutalala kwenye stoo ya kahawa siku kumi na nne, na hatutamsogelea kwa hatua kumi. Bibi aliangalia mbingu, akaangalia kabati likishushwa, akasema, "Mmekuja nyumbani kuwa wageni." Lakini alikubali. Kila mchana alitupakulia kiburu, zile ndizi na maharage, kwenye hotipoti, akakiacha juu ya jiwe, akarudi nyuma akitupigia makofi kama anayeita kuku.

Shida ilikuwa majirani. Huku mtu akihamia wanakuja wote, na anayekuja anapeana mkono. Siku ya pili Shangazi alirudisha watu watatu kutoka uani, kwa adabu, lakini aliwarudisha. Jioni akaniambia, "Haika, weka alama pale watu waone mwisho wao ni wapi." Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sikuwa na kamba wala chokaa. Nilikumbuka kwamba isale, ule mmea wa majani marefu, ni jani la heshima na amani kwa Wachagga. Nimelisoma kitabuni, na hata maelezo yake ningeweza kukuandikia hapa. Nikaona ni vizuri kumzuia mtu kwa jani la amani kuliko kwa kamba. Nikakata matawi ya masale nyuma ya zizi nikayachomeka ardhini, moja baada ya jingine, yamenyooka, kutoka kona ya stoo mpaka njiani. Nilitumia hata rula. Nilijisifu moyoni, Baba. Nilikulia Sumbawanga, na kile kitabu hakikuniambia kwamba mtu akipanda masale kwa mstari ndani ya kihamba, shamba la ukoo, anaweka mpaka.

Asubuhi yake Babu Anaeli alipita na panga lake kwenda shambani. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Nani amepanda masale haya?"

Shangazi alitoka na mswaki mdomoni. "Masale gani, baba mdogo?"

"Unaniuliza mimi? Juzi umeshusha kabati, leo unapima kihamba cha marehemu kaka yangu! Ndugu yako anajua?"

Mama mmoja aliyekuwa amebeba majani njiani akasimama. "Kabati lenyewe lina kioo," akasema. "Huyo hajaja kutembea."

Wengine wakaja, hakuna aliyevaa barakoa. Shangazi alikuwa bado anafikiria siku kumi na nne. Akanyoosha mikono akawaambia, "Tafadhali rudini nyuma! Msivuke hapo!"

"Mnasikia?" Babu akageukia watu. "Tayari anatufukuza!"

Akavuka mstari, akang'oa isale moja akalitupa, akasimama mbele ya Shangazi karibu kabisa. Ndipo Bibi akatoka jikoni. Hakuhesabu hatua kumi. Alizivuka zote, akamshika Shangazi bega na kusema, "Huyu nimemzaa mimi. Anaeli, mtu akitaka kumtoa mtoto wangu uani, aanze na mimi."

Mimi nilikuwa ndani ya stoo, mkono kwenye komeo. Ningetoka niseme tu "ni mimi niliyepanda" jambo lingekwisha palepale. Sikutoka. Huo ndio ukweli wote. Sina maelezo mengine.

Watu walipotawanyika nilimweleza Shangazi. Hakunigombeza. Aliketi juu ya gunia akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa khanga, na sikujua kama bado anacheka. Akanikataza kukusumbua. Alisema una mambo yako kazini, na kwamba akiambiwa aondoke kuna chumba Soweto, hapo Moshi, anaweza kuulizia. Mimi na yeye tunajua kuwa chumba hicho nacho kina bomba moja.

Jana nikaenda kwa Babu peke yangu. Nilivaa barakoa na kusimama getini kwake, hatua kumi kamili. Nikamwamkia, nikaeleza.

"Sema kwa sauti!" akasema kutoka barazani. "Hicho kitambaa kinakula maneno!"

Nikarudia.

"Sisikii!"

Baba, unajua mimi darasani hujibu swali kwa kuandika. Kule njiani walikuwa wamesimama wanawake wawili na kijana mwenye pikipiki, wote wananitazama. Nikapiga kelele: "Ni mimi niliyepanda masale! Shangazi hakujua! Nilitaka tu watu wasimsogelee Bibi!"

Kijana wa pikipiki akacheka, "Alama ya korona imekuwa ya shamba!" Babu hakucheka. Akasema, "Nimekusikia, mjukuu wangu. Kwamba ulikosea nakubali. Lakini kabati halikupandwa kwa makosa. Binti aliyetoka kihamba hiki akirudi na vyombo vyake vyote, ukoo lazima ujue amerudi kwa neno la nani. Kihamba ni cha baba yako. Baba yako aseme, tena si kwa simu, simu yeyote anaweza kuongea ndani yake. Nataka mwandiko wake. Ukoo unakaa Jumapili ya wiki ijayo, na nitausoma mbele yao."

Basi hilo ndilo ombi langu. Mwandikie Babu Anaeli. Mpe kondakta wa basi barua, nami nitaifuata stendi ya Moshi, hata kama nitasubiri siku nzima.

Sijui utaandika nini, na ndiyo maana situlii. Nimejaribu kukumbuka kama umewahi kusema lolote kuhusu Shangazi na kihamba, na sikumbuki hata neno moja. Mimi nilidhani ukimya ule ni ndiyo. Yeye, nafikiri, kwa miaka yote amedhani ni hapana. Ndiyo maana alikuambia anakuja kusalimia. Usiandike "tutaangalia", Baba. Babu atausoma mwandiko wako mbele ya watu, na Shangazi atakuwa amesimama pale akisikiliza. Ukisema akae, sema akae kama nani na mpaka lini. Ukisema hapana, nitaanza kuanika magodoro tena, lakini ajue kwamba neno hilo limetoka kwako, lisitoke kwa kimya.

Masale yote nimeyang'oa. Bibi ana siku mbili tangu avuke, na hana homa. Namwekea kiganja kwa macho tu, kutoka mbali.

Nisalimie Mama, na Eliya mdogo wangu. Msalimie pia Mama Sikazwe, jirani yetu anayekupokelea barua ofisini kwako ukiwa safarini. Huyu akiiona hii kwanza, akukimbizie popote ulipo. Bibi anakusalimu. Shangazi hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Nafikiri atazileta mwenyewe akishajua wewe ni ndugu wa namna gani.

Mimi binti yako anayekungoja,
Haika