Mkono Uliotolewa Shukani

Jumatano, Garissa

Ati Mwangi ameondoa mkono wake shukani kwangu kabla hatujapatana bei. Mimi, dalali anayejulikana na ngamia wote kutoka hapa hadi Hadado.

Miaka yote ananunua mbuzi wa hoteli yake kwangu. Tunashikana mikono chini ya shuka, vidole vinapatana bei, kwisha.

Leo akasema, "Mzee, bajeti imebadilisha sheria. Bila risiti ya mashine, pesa ya mbuzi wako serikali haihesabu kama gharama. Nitailipia kodi kama faida."

"Basi mashine nayo iingie shukani."

Hakucheka. Akanunua kwa Halima, anayetoa risiti kwa simu. Halima! Kazi hii nilimfundisha mimi.

Mpaka sasa mkono wangu umeduwaa.

Kesho nitamwomba Halima anifundishe hiyo risiti. Watu wakiuliza, nimeenda kumkagua.