Ukurasa wa Pili Uko Dirishani

S.L.P. 38,
Kola, Machakos.
9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Kamene, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kwa sababu siku hizi niko nayo yote miwili. Mwezi jana mmoja ulikuwa wa fimbo. Habari ya huko Shimba Hills? Habari ya joto, na wale nyani wanaokula mahindi yako kabla yako? Umelalaje? Hapana, hiyo nafuta. Kulala najua unalala. Nauliza umekulaje.

Sisi huku ni wazima. Mke wangu Mukai ako na nguvu ya kunigombeza asubuhi na jioni, kwa hivyo ujue afya anayo. Mvua ilikuja kama mgeni wa heshima, ikanywa chai, ikaenda. Mahindi ni kidogo, maharagwe yalijaribu.

Sasa nikugeukie wewe. Binti yako Mwikali alinipigia simu Jumapili, analia. Anasema tangu wakuwekee nyonga ya chuma mwezi wa kumi na moja umesimama mara mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa unatafuta nani amechukua leso yako. Hii ni wiki ya kumi na moja, Kamene. Anasema ile woka, kile chuma cha miguu minne ulichopewa cha kushikilia ukitembea, umekianikia nguo. Fizio wa hospitali, yule wa mazoezi ya viungo, akija, unafunga macho na kukoroma. Na Mwikali akikubembeleza unamwambia, "Niacheni, nimetembea ya kutosha."

Ya kutosha? Umeenda wapi wewe?

Lakini siandiki kukukemea. Mimi ndiye bingwa wa kudanganya mazoezi katika wilaya hii yote, na hayo ninayokuambia Mukai amekatazwa kuyasimulia kanisani.

Unajua nilivunjika nyonga mwaka jana. Watu waliambiwa niliteleza shambani nikinywesha ng'ombe. Wewe nakupa ukweli: nilikuwa natoka choo. Wakanipasua, wakatoa mfupa wa zamani, wakatia chuma. Nikaomba nipewe ule wa zamani nimpelekee mbwa. Daktari hakucheka. Akanipa sheria kama Musa: usikae kiti kifupi, usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, usiiname kuokota kitu. Kile kiti changu cha miguu mitatu, cha nau, baba yetu, kikapelekwa kwa kuku, na kuku wakakipenda.

Halafu yakaja mazoezi. Na fizio wa karibu ni nani? Ni Wavinya, mke wa mwanangu Jeff. Ndiyo kazi yake, na cheti anacho. Lakini wewe unaijua nthoni, ile heshima yetu kati ya mzee na mke wa mwanawe. Aingie chumbani mwangu, anishike paja? Mimi nacheka na pasta, nacheka na chifu, lakini hapo hata mimi nilifunga mdomo. Naye Wavinya alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake.

Basi tukapatana hivi. Yeye asimame nje, nyuma ya dirisha, pazia limefungwa, ahesabu. Mimi nikiwa ndani niinue mguu.

"Baba, inua. Moja. Shikilia hapo. Shusha. Mbili."

Na mimi huko ndani nimelala chali, nakula njugu, nagumia tu. Uuui! Uuui! Wiki tatu nzima. Watu wakipita njiani wanasema huyo mzee anajitahidi, Mungu amwonekanie.

Siku moja Wavinya akahesabu mpaka nne, akanyamaza. Mimi na njugu zangu sikugundua. Nikagumia ya tano, ya sita, mpaka ya kumi, na nikaongeza moja kubwa ya kumfurahisha. Kisha nikasikia sauti yake, pole kabisa: "Asante, baba. Leo mdomo umefanya mazoezi vizuri."

Unajua mke wa mwana hawezi kumgombeza mzee. Kwa hivyo alienda kulia jikoni, na Mukai akaja kunigombeza kwa niaba yake. Na mguu wenyewe ulikuwa umeshaanza kulipiza. Nikijaribu kusimama, paja linatetemeka kama ndama wa siku moja. Daktari aliupima akasema nikiendelea hivyo, chuma kitabaki kizima na mimi nitabaki kilema.

Dawa ilitoka kwa Mukai. Alisema, "Chumbani ni nthoni. Uwanjani si ni pa kila mtu?" Akaenda Tala sokoni akaniletea suruali ya michezo ya mtumba, zambarau, mstari mweupe ubavuni, na maandishi ya Kizungu matakoni ambayo Jeff alikataa kunisomea. Nikatolewa nje nishike mgongo wa kiti. Wavinya akasimama mbali, ameshika ufito wa kuonyeshea, na hakunigusa hata kidole. Majirani walikuja kuangalia kama mechi. Mzee Mwangangi, yule tunayepakana naye, alijifanya refa: "Huo haujainuka, Musembi! Rudia!" Mbele ya watu kumi, utadanganya vipi?

Sasa naenda mpaka barabarani bila fimbo. Nikienda sokoni ndipo naibeba, nipate heshima.

Na huko sokoni nilikutana na Reuben. Reuben yule aliyeleta jogoo nyumbani mwaka wa sitini na tisa akikutaka, nau akamla jogoo na hakutoa jibu. Amefiwa na mkewe, kama wewe ulivyofiwa. Aliniuliza jambo juu yako, nami nikamjibu vibaya. Alilouliza liko ukurasa wa pili.

Usitafute kwenye bahasha. Mwikali ameubandika dirishani, juu ya pazia lililofungwa, upande wa pili wa chumba, pale macho yako yanapofika ukiwa umesimama. Nimemwapisha kwa jina la mama yetu asikusomee na asikuletee. Toa hizo nguo kwa woka. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kipite. Mwikali awe upande wa mguu mgonjwa. Tanguliza woka, halafu mguu mgonjwa, halafu mzima. Ni hatua saba, amezipima. Ukinitukana njiani, tukana polepole, wajukuu wanasikia.

UKURASA WA PILI

Karibu. Simama wima, usiegemee dirisha. Umevaa miwani? Kama umeiacha kitandani pole sana, rudi uichukue, nitangoja.

Reuben aliniuliza hivi: "Kamene bado anatembea vile, mpaka mtu akitaka kumsalimia ni akimbie?" Nikamwambia ndiyo, bado. Nilimwangalia machoni nikamdanganya. Nina dhambi za kutosha, Kamene, na hii moja ni wewe tu unaweza kunifutia.

Lingine sikutaka ulisome ukiwa umelala.

Unakumbuka mwaitu, mama yetu, alipoanguka kwenye mtaro. Hakukuwa na mtu wa kumpasua wala chuma cha kumtilia, na miezi minne ndiyo alikaa kitandani mpaka mwisho. Kila jioni tulimbeba kwa kiti mpaka mlangoni aangalie shamba lake. Siku moja akasema, "Nishusheni, nijaribu tu." Wewe ukamshika mabega, mimi nikamshika miguu, tukamkataza. Hakuomba tena. Tulidhani huo ni upendo. Ulikuwa upendo, lakini ulikuwa pia uoga.

Siku zile nikila njugu na kugumia, hilo ndilo lilikuwa linaniuma. Mguu haukuniuma hivyo. Naogopa kuanguka, Kamene. Hata leo, kila asubuhi kabla unyayo haujagusa sakafu, naogopa, na Mukai hajui. Kwa hivyo usiniambie umechoka. Nimekuona ukichoka, ukibeba maji kutoka mtoni na mtoto mgongoni, na huwa hufanani hivi. Wewe unaogopa kama mimi. Lakini mwaitu aliomba kujaribu akanyimwa, na wewe ndiwe unayeombwa.

Na tena fikiria maslahi yangu. Wote waliojua nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu wameshazikwa, isipokuwa wewe. Ukienda, nitabaki hapa mzee wa kuheshimiwa tu, na hiyo siiwezi.

Nisalimie Mwikali aliyesimama hapo nyuma yako akijifanya hasomi. Umsalimie mume wake Levi, na watoto, na yule jirani anayekuletea madafu. Mukai anakusalimu sana. Wavinya anasema ukilala usisahau mto katikati ya miguu, na ukiwa kitandani usukume visigino chini na juu, hata ukiwa na hasira. Mwangangi anasema angekuwa hapo angepuliza filimbi.

Mungu akulinde, akupe miguu ya kumkimbia Shetani, na kama Shetani ni Reuben, basi akupe busara ya kupunguza mwendo.

Najua sasa magoti yanatetemeka. Yaache yatetemeke kidogo, halafu urudi ukapumzike. Ukigeuka, geuka kwa hatua ndogo ndogo, usizungushe mwili juu ya mguu mgonjwa. Lakini kabla hujageuka, mwambie Mwikali avute pazia. Hilo shamba lako halijaonana na wewe tangu mwezi wa kumi na moja. Angalia vizuri, kisha uniandikie umeona nini.

Ni mimi nikupendaye na kukuchokoza,
kaka yako,
Musembi