Ni Gari Lililomuua Agapiti, au Ni Masalu?

Mshauri wangu,

Nimempoteza mdogo wangu Agapiti, tumbo moja baba mmoja, Jumanne ya tarehe 11 Machi, saa tisa na dakika kumi na tisa mchana, kwenye barabara ya changarawe itokayo Rwamgasa, ndani ya gari langu mwenyewe, na ninachokuomba si pole, maana pole nimepewa mpaka masikio yamechoka, ninachoomba ni msaada wa kujibu swali moja tu: lile gari liliua kwa jinsi lilivyoundwa, au aliyeua ni dereva?

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Ushirombo, naishi Kalangalala, wananiita Mama Dorika na unaweza kuliandika jina hilo, sijifichi. Nilianza mwaka 2009 na chupa mbili za uji, nawauzia wachimbaji alfajiri, leo nina duka la vifaa vya ujenzi na nina hisa kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na hiyo yote nimeipata bila mume wala mjomba wa kunishika mkono. Agapiti nilimlea mimi, mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka tisa, nikamsomesha, nikamwozesha, nikamweka awe msimamizi wangu pale shimoni. Shule niliishia la saba, ila namba hazinipigi chenga, kwa hiyo nakupa namba zote uzipime mwenyewe.

Gari lilikuwa pikapu ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, mtumba kutoka nje, la kazi za porini. Nililiinua springi inchi nne na kulivalisha matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kwa sababu masika njia ya kule haipitiki na gari lililokaa chini, na kila mwenye gari kule anafanya hivyo, si mimi peke yangu. Siku ile lilibeba viroba ishirini na nane vya mawe ya dhahabu, kila kimoja kilo hamsini, jumla kilo elfu moja mia nne, kibati cha kiwandani kinasema elfu moja, lakini elfu moja na mia nne limebeba miaka miwili na halijawahi kulalamika. Dereva ni Masalu, kijana wa Kishapu, yuko na mimi mwaka wa sita. Agapiti alikaa kushoto kwake. Gari nimelifunga kifaa cha kufuatilia mwendo, na kifaa kinasema saa tisa na dakika kumi na tisa lilikuwa linakwenda sitini na moja, wakati amri yangu ni kwamba likiwa na mzigo lisizidi arobaini, hilo Masalu analijua kama anavyojua jina lake. Ni kweli nilimpigia simu, saa tisa na dakika nane na saa tisa na dakika kumi na tano, mara mbili tu, kwa sababu zamu yetu ya kusaga mawe pale karasha ilikuwa saa kumi kamili na ukiikosa unasogezwa kesho, lakini sikumwambia akimbize, nilimwambia asichelewe.

Walioona wanasema gari liliruka bonde, magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka, yakawa yanacheza kulia kushoto kulia kushoto, halafu likavuta kushoto lote na kuingia korongoni, likalalia upande wa Agapiti. Masalu alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Mkaguzi wa magari alikuta tairodi, ile rodi inayoyashika magurudumu ya mbele yaelekee upande mmoja, kichwa chake cha kushoto kimechomoka. Ameandika chanzo ni kushindwa kwa mfumo wa usukani. Nikamuuliza, umeshindwa kwa sababu ya nani? Akaniambia, mama, chuma hakisemi.

Sasa nisikufiche. Masalu alikuwa ameshasema. Jumapili ya tarehe 16 Februari alikuja akaniamkia, akasema, "Mama, hili gari likifika hamsini na tano usukani unatetemeka kama lina homa." Agapiti alikuwa amekaa juu ya viroba, akadakia, "Masalu, ni gari linalotetemeka au ni wewe? Tangu uoe, hata kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Masalu akasema, "Cheka tu, bosi mdogo. Siku likitushika usiniulize."

Lakini mimi si mtu wa kubania vipuri, mshauri, andika na hilo. Tarehe 20 Februari niliagiza tairodi mpya kabisa kutoka Mwanza, na vichwa vyake viwili, ikafika siku hiyohiyo, ipo dukani kwangu hadi leo ndani ya boksi lake. Tatizo ni kwamba tarehe 21 duara lilianza kutema, na wewe uliye mjini labda hujui, duara likianza kutoa dhahabu kwetu hakibadilishwi kitu, mwenye gamboti zilizotoboka anabaki nazo, mpishi ni yuleyule, njia ni ileile, gari ni lilelile lilivyo. Agapiti mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Dada, ukilifungua gari leo, umelifunga duara." Mimi mambo hayo siyaamini, ni mwanajumuiya na nina kadi ya zaka, lakini nina watu kumi na wanane shimoni wanaoyaamini, na mtu wa hivyo ukimvunja moyo hashuki chini. Basi nikaacha. Tarehe 8 Machi Masalu akanipigia, "Mama, leo usukani umeninyang'anya mikono, nimelirudisha barabarani kwa neema." Nikamwambia vumilia mpaka Ijumaa, duara litakuwa limetulia. Ijumaa hiyo ndiyo tuliyomzika Agapiti.

Nimeangalia kwenye simu, watu wa nchi za mbali wenye magari ya aina hiyo wanalia kilio hichohicho cha kutetemeka mbele, na walioyaunda wanajibu kwamba ni matairi na ni madereva. Baba yetu mdogo Sostenes naye hataki kusikia habari za waundaji. Amesema mbele ya ukoo, "Gari halina akili na haliendi jela. Dereva ni dereva." Wote wakaitikia, wakaniangalia mimi.

Jumatatu tarehe 24, saa tatu asubuhi, natakiwa kituoni nikaandike maelezo kama mwenye gari. Nikisema Masalu alikimbiza, kifaa kinanithibitishia, na kijana atashtakiwa kwa kuua kwa uendeshaji wa hatari. Nikisema ni muundo wa gari, ataachiwa, na damu ya mdogo wangu itakosa wa kuijibu, maana nani atawafuata hao waundaji huko waliko? Mama yake Masalu, Sikujua, alikuja msibani kutoka Kishapu na kikapu cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, akakaa siku mbili anamenya vitunguu na wenzake, hakuniuliza chochote. Wakati wa kuondoka alinishika mkono akasema, "Masalu anasema utasema." Basi.

Gazeti lenu linafika Geita Jumamosi. Nataka jibu Jumamosi hiyo ya tarehe 22, kabla ya Jumatatu saa tatu, na nataka neno moja: gari au dereva. Usinizungushe.

Mama Dorika, Kalangalala, Geita


MSHAURI ANAJIBU

Mama Dorika, pole umeikataa, lakini nakupa hivyohivyo, kwa sababu aliyemlea mtoto wa miaka tisa akamzika akiwa baba wa familia anastahili pole hata akiwa mkali. Ukishaipokea, tuliza moyo, maana mengine yote yatakayofuata yatakuuma.

Mimi si fundi. Barua yako nilimpelekea Pantaleo, mwenye gereji hapa Shinyanga, ambaye amelala chini ya magari ya namna hiyo miaka ishirini na saba. Aliisoma akiwa amesimama, miwani puani, kisha akasema, "Gari lenye ekseli nzima mbele lina ugonjwa huo tangu kuzaliwa. Kichwa cha tairodi kikilegea, ukapiga bonde, magurudumu mawili yanaanza kugombana. Na huyu mama ameliinua, amelivalisha matairi mazito, amelipakia kupita kipimo. Ameupa ugomvi nguvu."

Nikamuuliza, kwa hiyo kosa ni la muundo?

"Muundo unaleta mtikisiko. Lakini mtikisiko ni taarifa. Kama taarifa ilifika wiki tatu kabla, mimi fundi sina la kujibu, waulize walioipokea."

Nikamuuliza kuifunga tairodi mpya na kupanga magurudumu ni kazi ya muda gani. Akasema, "Saa tatu. Nikiwa na njaa, nne."

Wewe unapenda namba, haya, pima. Tangu duara lianze kutema hadi Agapiti alipofariki ni siku kumi na nane. Kazi ilikuwa ya saa nne, fundi akiwa na njaa.

Kwa hiyo sikuzungushi. Umeniomba neno moja kati ya mawili, na neno moja ninalo, ila halimo kwenye mawili uliyonipa. Si gari, si dereva. Ni mwenye gari.

Usiitupe karatasi, endelea kusoma. Sijasema muundo hauna lawama, una sehemu yake, na ipo siku mtu atawauliza hao waundaji. Sijasema Masalu ni malaika. Sitini na moja ni sitini na moja, na sehemu hiyo ni yake, ataisema mwenyewe. Lakini kifaa chako kilipima mwendo, hakikupima simu. Dereva mwenye gari linalomnyang'anya usukani, akapigiwa na bosi wake mara mbili ndani ya dakika saba, akiambiwa asichelewe, ulitaka aelewe nini? Ulijua anaendesha huku anaongea na wewe. Simu ya pili ilikuwa dakika nne kabla ya korongo.

Na la duara nitakusema zaidi. Unaniambia huamini kwamba ukifungua gari dhahabu inahama. Basi mama, kosa lako ni kubwa kuliko la wachimbaji wako. Wao waliogopa kitu wanachokiamini. Wewe ulijifunika imani ya watu kumi na wanane kwa sababu siku hizo ilikufaa. Kama ingekuwa mwiko huo unakuzuia kupakia mawe, ungeuheshimu? Ungewaambia mambo hayo ni ya kizamani, na viroba vingepanda garini.

Agapiti naye alicheka, na Agapiti naye alikuzuia. Hilo ni kweli, na ndilo gumu kwako, kwa sababu marehemu hagombezwi. Nalielewa. Lakini usimtafute Masalu abebe sehemu ya Agapiti, yako, na ya kiwanda, kwa kuwa yeye ndiye pekee kati yenu aliyesema mapema, akasema mara mbili, mara ya kwanza akachekwa, ya pili akaambiwa avumilie.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Kesho, baada ya misa, tafuta wakili, maana maelezo haya yanaweza kukugeukia, na mtu mzima haendi kituoni kwa kubahatisha. Wakili akikuambia unyamaze kuhusu zile tarehe mbili Masalu alizokuonya, tafuta mwingine. Jumatatu fika kabla ya saa tatu. Simu yako usifute kitu. Sema tarehe 16 Februari, sema tarehe 8 Machi, sema inchi nne, sema viroba ishirini na nane, sema saa tisa na dakika nane na saa tisa na dakika kumi na tano. Sema na sitini na moja, usiifiche kwa huruma, maana uongo wa huruma utamharibia kijana kuliko ukweli. Usiseme "nadhani". Wewe namba hazikupigi chenga, umeniambia mwenyewe.

Baba mdogo Sostenes mweleze baada ya kituo, si kabla. Ukianza naye, Jumatatu utaamka na maelezo ya ukoo mdomoni. Atakasirika, mwache akasirike. Amesema gari haliendi jela. Mwulize kama amewahi kukaa kwenye gari linalotetemeka huku mwenye gari anapiga simu. Na hao wenzako wa Rwamgasa wanaoinua magari kama wewe, waite pale shimoni, duara likiwa linatema au limekauka, uwasimulie kila kitu kwa mdomo wako. Kwako watasikiliza. Mkaguzi watamwona ni mtu wa kuwasumbua.

Lakini kabla ya wakili, kabla ya misa, leo hii Jumamosi, ukimaliza tu kusoma hapa, mpigie Sikujua Kishapu. Mwamkie vizuri, kisha mwambie utasema nini. Yule mama alikaa siku mbili jikoni kwako na swali lake, akaondoka nalo. Asije akalisikia jibu mahakamani, akiwa amekaa kwenye benchi na watu wasiomjua.

Halafu nenda dukani ukalichukue lile boksi la tairodi. Jumatatu liweke juu ya meza ya askari na risiti yake ya tarehe 20 Februari, kabla hujafungua mdomo. Boksi lenyewe usilifungue. Libebe hivyohivyo lilivyo.