Miiba ya Bluu na Kopo la Mama

Jumamosi, 1 Machi
Miiba ya bustanini imetoa vichwa vya maua! Bado kijani, vigumu, vinachoma hata kwa kutazamwa. Muuza miche kasema vitageuka bluu kabla ya mwezi kuisha. Mwaka wa tatu huu tangu mume wangu apande zile mbegu, na wa kwanza bila yeye. Jua kali, udongo wa mchanga, maji kidogo – alinikaririsha kama mtoto wa shule.

Jumatano, 5 Machi
Majani ya chini yamekuwa ya manjano. Udongo chepechepe. Mvua haijanyesha. Nani huyu?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuma. Mama mkwe! Saa sita mchana, kopo mkononi, anaimwagilia miiba huku anaisemesha. Nikafoka – ulimi wangu huu! Akanitazama tu, mpole.

"Mwanangu kaniachia niitunze. Akirudi aikute imekauka?"

Amesahau tena. Mara mbili nimemwambia ukweli, na mara mbili amelia kama siku ile ya mazishi. Sina moyo wa mara ya tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Muuza miche amekuja, kachokoachokoa udongo, katikisa kichwa. Maji ya wiki moja zaidi, mzizi utaoza. Kuihamisha haiwezekani – mzizi umezama mno, ukikatika ndiyo basi. Nikalificha kopo. Mama kazunguka nyumba nzima akilitafuta, kisha akaja na kikombe cha chai kimejaa maji. Nikamrudishia kopo lake.

Jumapili, 9 Machi
Nimelitoboa kopo kwa msumari, matundu matano. Kutoka bombani hadi kwenye miiba ni hatua ishirini. Akifika, limebaki tone. Nyanya zilizo njiani zinaneemeka! Najiona mjanja. Najiona mwizi pia.

Jumatatu, 17 Machi
Majani mapya! Lakini mama kagundua kopo linavuja. Kasema nimwambie mwanawe alizibe. Nikasema haya, mama.

Jumamosi, 22 Machi
Bluu! Kichwa kimoja, kuanzia shingoni. Nimemwita mama mbiombio. Akainama, akakigusa, kikamchoma, akacheka – sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nikacheka naye, machozi yananitoka. Kisha akanishika mkono.

"Kamwite aje aone."

Nikaitika. Nikaingia ndani kama ninayekwenda kumwita kweli. Niko jikoni, naandika haya nimesimama. Dirishani namwona: yuko palepale kando ya miiba, kopo mkononi, anautazama mlango.